Aliyetumwa Kutazama Maji

Mjukuu wangu, jana uliniuliza kama wagombea wanaodanganya watu wafikishwe mahakamani. Sikukujibu, maana swali lako lilinichoma. Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na bibi yako asinisikie.

Enzi hizo Mwingereza bado anatawala, nami ni kijana wa kijiji cha Ziba mwenye madarasa manne na kofia mpya. Ukatangazwa uchaguzi wa mjumbe wa baraza la mtemi. Tulisimama wawili, mimi na mfuga nyuki mmoja mpole asiyejua maneno mengi. Kura haikuwa ya karatasi. Watu walijipanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Shida yetu kubwa ilikuwa maji, basi nikapita nyumba kwa nyumba nikisema lambo litachimbwa kabla ya kiangazi, na kwamba mchoro wake nimeuona kwa macho yangu, mezani kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya.

Meza ile sikuwahi kuiona, mwanangu. Niliishia kwenye benchi la nje, tarishi akanidokezea kuwa wazungu wanazungumza habari za maji. Mengine niliyapika mwenyewe, na nikashinda.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilitosha kuwafikia ng'ombe wa Mama Milembe. Huyo alikuwa mjane, mali yake ng'ombe saba. Shemeji zake walipohamia mbuga ya Wembere kufuata maji, yeye alibaki, akasema mjumbe ameona mchoro. Kiangazi kikaja, lambo halikuja, ng'ombe wanne wakafa. Nilipita kwake nikamkuta anachuna ngozi ya yule wa nne. Hakunitukana. Alinisogezea kigoda nikae, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Shemeji zake waliporudi wakanishtaki barazani, wakataka nifungwe. Karani akafungua kitabu chake, akasema haoni sheria ya kumfunga mtu kwa maneno ya kuombea kura. Nikashusha pumzi, mpumbavu mimi.

Ndipo aliposimama Mzee Kasanda, aliyebeba pembe za ndovu ujanani mwake kutoka Tabora mpaka pwani. Alieleza taratibu kwamba kwenye msafara, aliyetangulia kutazama maji hakurudi na maneno, alirudi na tope mikononi. Asiye na tope hakuaminiwa, kwa kuwa watu wangefia njiani na mizigo yao. Kisha akanigeukia.

"Wewe tulikutuma utazame maji. Tope lako liko wapi?"

Nilitazama viganja vyangu. Vilikuwa visafi kabisa.

Shemeji mmoja akadakia kwamba basi mtemi na Bwana Shauri watunge sheria, kila mgombea mwongo aende jela. Mzee akatikisa kichwa.

"Mkimpa mtawala fimbo hiyo, atakayechapwa kwanza ni yule anayesema kweli juu yake."

Adhabu yangu akaitoa katika desturi za msafara ule ule. Msafarani mwongo alibebeshwa maji ya wenzake, naye akanywa wa mwisho. Basi kiti nikiache, nirudi katika kila nyumba niliyoomba kura nikiri kwamba sikuona kitu, na niteke maji ya Mama Milembe na ng'ombe wake watatu mpaka mvua inyeshe. Baraza likakubali.

Kisima kilikuwa mbali. Nilibeba madebe mawili kwa mzega, ule mti wa begani, bega likachubuka, watoto wakanicheka, na walikuwa na haki. Ng'ombe walikunywa, akanywa mama, kisha mimi kama yamebaki.

Siku iliponyesha mvua ya kwanza nilitua mzega uani kwake. Mama Milembe akachota maji kwa kata, akaninyooshea.

"Leo kunywa wewe kwanza, baba."

Nililia mbele yake, na sioni haya kukwambia.

Sasa nakujibu. Mgombea aliyeahidi akajitahidi akashindwa, huyo si mwongo. Msimchague tena, yatosha. Lakini anayesema "nimeona" ilhali hakuona, huyo lazima ajibu, kwa kuwa kuna mtu atabaki na ng'ombe wake kwa neno lile. Sheria iwepo, ila iwe nyembamba, imhusu huyo tu, na ahukumiwe hadharani mbele ya aliowadanganya, si chumbani kwa mkubwa anayemwogopa mshtakiwa. Na adhabu yake imrudishe kwa mtu aliyeumizwa naye. Jela ingenificha uso wa yule mama, nami nisingejifunza kitu. Nawe usingoje sheria. Akija mtu kuomba kura, mtazame mikono kabla hujajipanga nyuma yake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa vyote, ulimi kwanza, kisha dole njia ya kisimani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi usio na haraka na mikono isiyoogopa tope, na siku watu watakapokutuma kutazama maji, uyakute, na wote wafike.