Lango Lililonifungukia Peke Yangu

Asubuhi ile mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alinikaripia kwa kuchuma zeituni kama mtu anayeogopa mti. Alikuwa mama mnene, mcheshi, magoti yamemchoka, basi alikaa kitako juu ya turubai akichambua majani na kutuamuru sote kwa kidole. Mimi ni mwana wa Mombasa, nesi hapa London. Mume wangu Samir nilimpata Wembley, akiendesha basi. Mwaka ule tulichukua likizo kwenda kwao, kijiji cha mlimani katika Ukingo wa Magharibi, tuwasaidie kuvuna. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, si cha kuombea chumvi. Lakini mimi na mavyaa tulishikilia maneno tuliyonayo pamoja: kahawa, sabuni, dakika. Kila tulipogundua jipya alicheka mpaka akafuta machozi.

Walid, mdogo wake Samir, alikuwa fundi umeme. Alikuwa juu ya ngazi, akimtania mkewe Hanan kwamba anakula zaidi ya anavyochuma. Hanan akamrushia zeituni mbichi, ikampata sikioni.

Juu ya kilima kulikuwa na nyumba za walowezi, mpya, za mapaa mekundu. Ardhi ile babu yake Samir alikuwa akilima ngano. Hakuna aliyenieleza, nilijua kwa jinsi jamaa wa Samir walivyokaa kuipa mgongo.

Adhuhuri, watu wa kule waliteremka. Wanaume, baadhi wamefunika nyuso, wameshika marungu, wawili wana bunduki. Nyuma yao wakaja askari. Nilifurahi kuwaona askari. Nasema kweli, nilifurahi, nikadhani wamekuja kutenganisha watu.

Walisimama wakatazama.

Walid alishuka kwenye ngazi mikono juu. Aliwaambia pana mama mgonjwa hapa, tunaondoka, tupeni dakika. Neno hilo nililielewa.

Mlio wa bunduki ulikuwa mmoja.

Walid aliketi chini polepole, kama aliyechoka. Nikamlaza, nikavua mtandio wangu nikaukandamiza tumboni mwake kwa nguvu zangu zote. Hanan alikuwa akipiga kelele. Mavyaa alijaribu kuinuka, magoti yakakataa.

Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani. Barabara ya kwenda mjini ina lango la chuma, na siku hiyo lilikuwa limefungwa. Ambulensi ilikuwa ng'ambo yake, karibu kiasi cha kumwona dereva usoni. Askari mmoja, kijana, akasema ruhusa haijaja.

Nilimwonyesha pasipoti yangu ya Uingereza kwa mkono uliojaa damu. Akaitazama, akanitazama, sauti yake ikalainika.

"Wewe pita, madam," alisema kwa Kiingereza. "Yeye angoje."

"Huyu anakufa."

"Wewe pita."

Sikupita.

Walid aliniuliza kama Hanan ameumia. Nikamwambia hapana. Akafumba macho.

Lango lilifunguliwa baadaye, wakati hatukuwa na haja nalo tena.

Tulipotoka kuzika, nilipigiwa simu na mtu wa ubalozi. Alikuwa na adabu. Alinipa pole, akanishauri niondoke kwa usalama wangu, akasema nikitaka wanaweza kunisaidia kufika uwanja wa ndege. Nikamuuliza, na Hanan na wanawe? Hao, akasema, si raia wetu. Samir, aliyekuwa na pasipoti kama yangu, alikataa. "Nikimwacha mama hapa, mimi mwanamume gani?" Nikarudi London peke yangu. Kazini waliniuliza kama likizo ilikuwa nzuri.

Nilimwendea mbunge wetu Jumamosi moja, siku anayoonana na watu pale maktaba. Nilimweleza yote kama ninavyokabidhi wagonjwa mwisho wa shifti: jeraha liko wapi, alivuja kiasi gani, nani alizuia nini. Alisikiliza. Siwezi kusema hakusikiliza, hata macho yalimlengalenga.

"Serikali imelaani vikali," alisema.

"Nimesikia."

"Tena walowezi kadhaa tumewawekea vikwazo."

"Na serikali inayowapa askari wa kuwalinda?"

Akaniuliza: "Wewe ungetaka tufanye nini?"

Alidhani nitalia. Nikamwambia: msiwauzie silaha. Msinunue matunda yanayolimwa kwenye ardhi ya watu waliofukuzwa. Waliofyatua risasi na waliotoa amri wafikishwe mahakamani, na mahakama ikiwaita, msiwe ninyi wa kuwatafutia udhuru. Nchi nyingine ikivamia ardhi ya jirani mnajua la kufanya, tena upesi.

"Suala hili ni tata mno," akasema.

"Tata ni lipi? Lango lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa na mtu."

Msaidizi wake akafungua mlango. Nyuma yangu alikuwako bwana aliyekuja kulalamikia unyevu wa ukuta wake. Mbunge aliniahidi ataulizia. Labda aliulizia.

Mwaka uliofuata hakukuwa na mavuno. Shamba lilizungushiwa waya, bomba la maji likakatwa, jamaa wakahama mmojammoja mpaka kijiji kikabaki na mbwa tu. Mavyaa anaishi chumba cha kupanga mjini pamoja na Samir, na ameacha kutoka nje. Mume wangu namwona kwenye kioo cha simu. Tunaulizana afya, tunaulizana hali ya hewa, kisha tunaagana. Sijui kama hiyo bado ni ndoa. Sijathubutu kumuuliza.

Siku ile nilipotoka maktaba nilimpigia Hanan, kwa kuwa nilimwahidi. Alitaka kujua serikali yangu imesema nini.

"Wanasikitika," nikamwambia. "Wanasikitika sana."

Nilisikia wanawe wakigombana nyuma yake, naye akiwanyamazisha.

"Kusikitika," akasema Hanan, "tunajua wenyewe."