Barafu Nyeupe Huhesabiwa Nusu

Mwalimu Teofilė alinifundisha hesabu miaka sita na sikuambulia kitu, ila hii moja niliishika: barafu nyeupe huhesabiwa nusu. Nyeusi ndiyo barafu ya ziwa. Nyeupe ni theluji iliyolowa ikaganda juu yake, haina nguvu.

Tangu astaafu, kila majira ya baridi hutoboa barafu kwa keekee, akapima, kisha akachomeka matawi ya msonobari kuonyesha njia ya kwenda kisiwani, kwenye makaburi. Halipwi. Baba yake alifanya hivyo, babu yake pia. Asipochomeka matawi, hakuna anayekanyaga ziwa, hata mlevi.

Februari ile mama yake, Barbora, akafariki. Watu wa ukoo wao huvushwa kwa sleji, kitanda cha mbao kinachoburutwa juu ya barafu, wakalazwa kisiwani. Lakini barafu ya mwaka huo ilikuwa ya ovyo.

"Sentimita kumi na mbili," akasema mdogo wake Mwalimu, Vaidotas, rula mkononi. "Zinatosha."

"Saba ni nyeupe. Toa tatu na nusu. Zinabaki nane na nusu."

"Dada, mama yuko ndani ya jeneza, wewe unanipa mtihani?"

"Ungefaulu zamani, nisingekupa."

"Basi tumzike huku, na watu asiowajua, baba akimngoja kule?"

Mwalimu akaichukua rula, akapima tena tundu lilelile. Nilimwonea huruma, mara ya kwanza maishani mwangu.

"Itabeba mtu mmoja mmoja," akasema mwishowe. "Tena mwembamba."

Ndivyo mimi na mwenzangu mmoja, wakondefu wawili wa kijiji, tulivyotangulia siku moja kabla kuchimba kaburi. Siku ya mazishi padre, mtu mwenye tumbo lake, akapimwa kwa macho akaambiwa aombee palepale ufukoni. Hakubisha. Vaidotas ana kilo mia na kumi.

"Mimi ni mwanawe," akasema.

"Najua. Baki."

Akamtukana dada yake mbele za watu, maneno ambayo siwezi kuyarudia. Kisha akainama, akaifunga kamba ndefu kwenye sleji kwa mikono yake mwenyewe, akampa ncha.

Mwalimu ana miaka sabini na moja na kilo hamsini. Alivuta peke yake, nami nikifuata hatua thelathini nyuma, na mwenzangu thelathini nyuma yangu. Katikati barafu ililia. Akasimama, akasikiliza, akaendelea. Tukamzika Barbora ubavuni mwa mumewe.

Tuliporudi, wengine walikuwa wameshakwenda kunywa supu. Vaidotas alikuwa amesimama mahali tulipomwacha, kofia mkononi, masikio yamemwiva kwa baridi.

"Alikuwa mzito?" akamuuliza.

"Hapana," akasema Mwalimu, na hapo ndipo alipolia. "Hakuwa mzito hata kidogo."