Ndege Aliyeomba Kufunguliwa

Tok, tok, tok. Halafu sauti nyembamba: "Fungua. Nimetulia sasa."

Nilitoka uani na mswaki mdomoni. Hapakuwa na mtu.

Kulikuwa na ndege tu, kwenye kidumu nilichokikata na kukitundika mperani. Nilikuwa nakijaza mtama ili bibi yangu awe na cha kutazama dirishani.

Mweusi wa kung'aa, mdomo wa njano. Sikuwahi kumwona wa namna ile. Akadonoa, akanitazama, akarudia: "Fungua. Nimetulia sasa."

Nikampiga picha, nikamtumia daktari wa mifugo anayetibu mbuzi wa mtaa wetu. Akanipigia.

"Huyo jamii ya kwezi, wa kufugwa. Kamtoroka mtu."

"Anaongea, daktari."

"Haongei, anaiga. Na haigi kitu alichosikia mara moja, kijana. Hapo karibu kuna mtu anasema hivyo kutwa."

Damu ikanichemka. Kumbe mtaani kwetu kuna mtu kafungiwa ndani, na sisi tunapita tunapiga miluzi.

Sikuhitaji ramli. Jirani yangu fundi cherehani, ukuta kwa ukuta, mkewe sijamwona wiki mbili. Mimi mchomeleaji, nakata chuma kwa moto. Nitamwogopa mtu wa sindano?

Nikamwachia bibi chai, nikafunga mlango kama kawaida, nikaenda. Maneno nimeyapanga njiani, na vina juu.

"Jirani, mke si shuka, umkunje umtie sandukuni. Yuko wapi?"

Cherehani ikasimama. Wateja wawili wakageuka.

"Mke wangu yuko kwa mama yake, kajifungua juzi," akasema. "Umeleta pongezi au umeleta mate?"

Wateja wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

"Basi nani anaomba kufunguliwa? Hata ndege kamsikia."

Fundi hakucheka. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi.

"Mdogo wangu, yule ndege hushinda dirishani kwa bibi yako. Ukishakwenda kazini, bibi anagonga mlango mpaka adhuhuri. Ukirudi ananyamaza, asikuudhi. Sisi tulidhani unajua."

Nikageuka, nikarudi nyumbani mbio. Vina vyote nikaviacha pale cherehanini.

Mlango ule wa chuma niliuchomelea mwenyewe, kufuli nje, tangu siku bibi alipookotwa barabara kuu akimtafuta babu. Babu alifariki miaka sita iliyopita. Nikawa natamba kwa kila mtu: bibi yangu yuko salama.

Nikafungua. Upande wa ndani rangi ilikuwa imebanduka mahali pamoja, usawa wa ngumi yake. Miezi minane naufunga na kuufungua, sikuwahi kutazama.

Alikuwa ameketi sakafuni, mikono mapajani.

"Umewahi kurudi, baba," akasema. "Leo sijapiga kelele nyingi."

Wewe unayenisoma, kabla hujaenda kuvunja mlango wa jirani, tazama kwanza ufunguo ulio mfukoni mwako unamfungia nani.

Nikachuchumaa mbele yake, nikaliweka lile kufuli kiganjani mwake.

"Bibi, kuanzia kesho mashine yangu naihamishia hapa uani, tushinde pamoja. Na ukitaka kwenda kumtafuta babu, niambie tu. Nitazima mashine, twende wote."