Shubiri ya Mwanamwema kichwani pa Sleiman

Mwanamwema ni mke mwenzangu. Mi ndiye mkubwa, yeye mdogo, na hapa mtaani Buyenzi hakuna asiyejua. Marehemu Sleiman, fundi wa magari, alipomleta, alikuja na sanduku moja na kopo la shubiri. Nilimcheka. "We umekuja kuolewa ao kulima?"

"Vyote, dada."

Ndivyo alivyo, hasemi mengi. Anaokota maganda ya ndizi kwa majirani, anayaanika juu ya mabati mpaka yawe meusi, anayatwanga pamoja na maganda ya mayai na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Unga ule anauloweka siku saba kwenye ndoo yenye mfuniko. Halafu anachota kikombe kimoja tu, anakitia ndani ya ndoo nzima ya maji. Yanabaki mepesi kama chai ya kurudia. Hiyo ndiyo mbolea yake ya mimea ya majani manene, mara mbili kwa mwaka, basi.

Sleiman alipokufa tulimwekea kibao cha mbao kaburini, maana sisi hatujengi simenti juu ya maiti. Kibao hicho kiliibwa kabla hatujatoka eda, kikawa kuni. Jovithe, mchimba makaburi, alitwambia wazi: "Mama, mahali pamejaa. Penye kitu hai sichimbi. Penye hakuna kitu, nachimba." Ndipo Mwanamwema akapanda shubiri pale kichwani, imshikie mume wetu mahali pake.

Mwezi uliopita binti yake alijifungua huko Rumonge, mwenzangu akaenda kumlea siku arobaini. Akaniachia ndoo ya mbolea na shubiri ya kaburini.

"Dada, shubiri usiipe kitu. Imekwisha kula."

"Nililea watoto kenda, nitashindwa na jani?"

"Jani si mutoto, dada. Hili likishiba linakufa."

Niliudhika. Alipoondoka tu, nilimimina ndoo yote bila kuongeza maji, na juu yake maji niliyooshea ndagala za chumvi, maana samaki inakuza kila kitu. Wiki ya kwanza majani yalinenepa, yakang'aa. Nikampigia simu nimtambie.

"Inanuka?" akauliza.

"Inanuka uzima!"

Wiki ya pili nzi walikuja. Niligusa jani la chini likabaki mkononi, laini kama parachichi bovu, likitoa maji ya rangi ya kahawa. Machipukizi ya pembeni nayo yakalala, moja moja. Asubuhi moja nikamkuta Jovithe ameegemea jembe, anatazama.

"Mama, hii inakufa."

"Apana. Inapumzika."

Hakucheka. Kesho yake nikakuta kamba yake ya kupimia makaburi imevutwa kutoka safu ya jirani, imepita juu ya kifua cha Sleiman.

Mwanamwema alirudi kabla ya arobaini. Hakunitukana, heri angenitukana. Aling'oa kilichobaki, akautoa udongo ule wa chumvi, akajaza mwingine wenye mchanga. Nyumbani, kwenye shubiri ya lile kopo alilokuja nalo, akakata chipukizi.

"Panda basi!" nikasema.

"Kidonda kikauke kwanza, siku saba kivulini. Nikilipanda bichi litaoza kama lile la kaburini."

"Na hizo siku saba?"

Akatoa mkeka, akanipa.

Leo ni siku ya tatu. Nimetandika mkeka kando ya kichwa cha mume wangu, nafika alfajiri, natoka Jovithe akishakwenda kwake. Mawingu yamejaa upande wa Kongo, lakini siondoki. Jana alinijia, jembe begani.

"Mama, nenda nyumbani. Watu wanangoja kuzika."

"We ulisema penye kitu hai huchimbi. Basi kitu hai ni mimi."

Alirudi kwenye safu yake, akanoa jembe kwa jiwe, akaendelea. Jana alikuwa kwenye kaburi la sita kutoka hapa. Sasa hivi yuko la nne.