Sato wa Mgeni na Riba ya Gari

Uvumilivu wangu ulinikatikia kwenye kaunta ya kampuni ya mikopo, Nyamagana, saa tano asubuhi, mtoto mgongoni. Dada wa kaunta alifungua faili langu akalisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani: "Daraja la tatu. Sababu, matumizi ya kaya ni makubwa. Kaya hula samaki sato mzima kila siku, pamoja na soda."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Sato alikuwa bado yumo.

"Nani kasema tunakula sato kila siku?"

"Ni taarifa ya afisa aliyekutembelea nyumbani."

"Afisa huyo ndiye aliyemla."

Foleni yote ikageuka. Sikuwa nimepiga kelele, ila sauti ile nilikuwa naitunza wiki tatu na ilitoka na uzito wake.

Niwaeleze vizuri, maana hasira inanirusha hatua. Kampuni ile inawapanga wakopaji wa magari katika madaraja matatu. Wa daraja la kwanza, wale wanaoonekana wana akiba na hawatapanyi, riba yao ni asilimia moja na nusu kwa mwezi. Wa daraja la tatu ni tatu na nusu. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na hesabu ilinishinda, lakini hii niliipiga kwa simu mara tatu nikitumaini simu imekosea. Kwa mkopo niliouomba, tofauti ni laki moja na arobaini kila mwezi, kwa miaka miwili. Hiyo ndiyo kodi ya nyumba tunayokaa Mkuyuni. Yaani ningekuwa nalipia nyumba mbili, moja tunalala sisi, nyingine inakaa riba peke yake.

Gari lenyewe silitaki kwa kuringia. Napika chakula cha mchana na kukisambaza maofisini. Hotpoti nne, ndoo ya juisi, mtoto na mimi, wote kwenye bajaji moja. Siku moja tuliingia shimo, mchuzi wa maharage ukahamia kwenye kiti. Dereva alifuta, akanusa, akaniambia, "Dada, tangu nianze kukubeba wewe, abiria wangu wote wanashuka na njaa. Tafuta usafiri wako."

Nikaona ana hoja. Na kulikuwa na mwalimu jirani yetu aliyepata uhamisho, anauza gari lake dogo, buti lake linameza hotpoti zote nne na mfuniko unafunga. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo shemeji yake analichukua. Akiba yangu ilifika karibu nusu ya bei. Kwa riba ya daraja la kwanza, ile nauli ya bajaji ingetosha kulipa marejesho. Kwa daraja la tatu, gari lingenibeba miezi mitatu, halafu wangekuja kulibeba wao.

Sasa kabla hujapangiwa daraja, afisa mikopo anakuja kwako kuona unavyoishi. Hapo ndipo anapoingia mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Mara, wa kando ya ziwa, alikuja kutusaidia nilipojifungua na hajaondoka, na namshukuru. Mume wangu anafanya kazi za ujenzi Sengerema, anavuka ziwa kurudi kila Jumamosi. Kwa hiyo katikati ya wiki mkuu wa kaya ni mama mkwe. Hakuna aliyempigia kura. Na ana sheria moja ambayo haina rufaa: mgeni akikuta jiko linawaka haondoki mpaka ale, na anachokula hakiwezi kuwa dagaa. Dagaa ni wa wenye nyumba. Sisi wenye nyumba tunakula dagaa Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili tunapumzika kwa maharage.

Afisa alipiga hodi saa saba kasoro. Kijana wa rika langu, shati limenyooka, begi la kompyuta begani. Alipomwona mama mkwe akainama kidogo, "Mama, shikamoo." Mimi nikajua hapo hapo kwamba tumeshaharibikiwa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umetoka mbali?"

"Hapana mama, natoka mjini tu."

"Mjini ni mbali kwa mtu ambaye hajala."

Akanivuta nyuma ya jiko. "Mkamwana, kimbia sokoni. Sato, usilete mdogo."

"Mama, amekuja kukagua. Hakuja kula."

"Atakagua nini na njaa? Mtu mwenye njaa anaona vibaya."

Nikakimbia. Niliporudi na sato, na pumzi nimeiacha njiani, nilikuta mezani sahani za kioo za jirani, kitambaa cha meza cha jirani, na soda, ambayo na yenyewe ilikuwa na harufu ya jirani. Mama mkwe akakaanga, akaunga na nyanya, akamtengea mgeni kichwa, maana kwao kichwa cha samaki ni cha mgeni wa heshima. Afisa alikula fomu ikiwa pembeni. Anatafuna, anaweka tiki. Anatoa mwiba, anaweka tiki.

Mwanangu, ambaye ana mwaka na nusu, alitoka chumbani, akamwona yule sato ana macho, akapiga yowe akajificha nyuma ya mlango. Hakuwahi kuona sato mezani kwetu. Afisa akamtazama, akaandika. Baadaye nilisoma alichoandika: "Mtoto mchangamfu."

Halafu ikaja ile sentensi iliyoniponza. Afisa alipofika kwenye mashavu ya samaki aliona aibu, akasema, "Mama, mmejisumbua sana."

"Tumejisumbua nini?" mama mkwe akasema. "Hapa kwetu samaki ni kila siku. Ongeza, usione haya."

Kila mtu aliyelelewa na watu anajua maana ya maneno hayo. Maana yake ni: kula, usituhurumie. Ni kama unavyoulizwa habari za nyumbani ukajibu nzuri, wakati upepo wa jana umeondoka na bati. Lakini afisa akaweka tonge la ugali chini, akafuta kidole, akaandika.

Wiki iliyofuata akarudi, eti picha za jiko langu la biashara na daftari la hesabu hazikutoka. Saa saba kasoro. Sato. Wiki ya tatu akarudi kuchukua saini niliyoisahau. Saa saba kasoro. Kufikia hapo mama mkwe alikuwa ameshampeleleza akajua kwao ni Bukoba, Kagera, kwa wala ndizi, akanigeukia kama vile nimemwibia mtu.

"Mtoto wa watu wa Bukoba unamlisha ugali mara mbili mfululizo? Kwao wakisikia watasema alifika kwa watu gani?"

Siku hiyo ikawa sato na ndizi. Afisa alifumba macho kwenye tonge la kwanza, akasema, "Mama, umenirudisha nyumbani." Mama mkwe akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mimi nilikula mkia na mchuzi jikoni, nimesimama, nikijipa moyo kwamba hakuna binadamu anayeweza kula kichwa cha samaki wako mara tatu halafu akakuandikia riba mbaya.

Yupo. Anafanya kazi Nyamagana.

Basi pale kaunta, baada ya foleni kugeuka, kila mtu akawa na lake. Mzee mmoja mwenye kofia akasema, "Bora wewe mama. Mimi niliandikiwa kuku kumi na wawili, na wote wa jirani, walikuja kudonoa tu."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema taratibu, akiangalia kucha zake, "Mimi alipokuja nilimpa maji ya kunywa. Nipo daraja la kwanza."

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu nisiyemjua kiasi kile.

"Dada," nikamwambia wa kaunta, "nitakuthibitishia sasa hivi. Nampigia mkuu wa kaya." Nikaweka simu sauti ya nje, nikailaza kwenye kaunta. Hata mlinzi alisogea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mkamwana."

"Mama, niambie ukweli wa Mungu. Sisi nyumbani tunakula sato mara ngapi?"

Namfahamu, kwanza alisikiliza kama kuna pumzi za mgeni. "Uko na watu hapo?"

"Niko ofisini kwa watu wa mkopo."

"Ah. Sato ni kila siku," akasema kwa sauti ya sherehe. "Kila siku kabisa. Na yule kijana yupo? Mwambie leo asipite na njaa, aje."

Mzee wa kofia alicheka mpaka akaketi. Dada wa kaunta alijitahidi, namsifu, lakini mabega yalimsaliti kwa kutikisika. Nikakata simu.

Afisa mwenyewe akatoka chumba cha ndani kusikia kelele ni za nini. Aliponiona alitabasamu kabisa, tabasamu la mtu anayekutana na ndugu. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Umeniandikia nini?"

Akasoma faili, akaanza kujikuna shingo. "Dada, mimi naandika ninachokiona."

"Uliona nini?"

"Niliona samaki."

"Uliona samaki kwa sababu ulikuja. Usingekuja kusingekuwa na samaki."

"Sasa nisipokuja nitaonaje?"

Nikautoa mkono wa mtoto kichwani, alikuwa ananing'oa nywele.

"Na mara tatu zote niliuliza," akasema, amepunguza sauti. "Mama alisema ni kila siku. Ningeandika kwamba mama yako ni mwongo?"

"Ungeandika kwamba ana adabu."

"Fomu haina sehemu ya adabu, dada."

Alisema hivyo kwa unyonge, na nadhani alimaanisha. Akaeleza kwamba yeye hawezi kubadili daraja likishaingia kwenye mfumo. Anayeweza ni meneja, na meneja hapokei maneno, anapokea lalamiko la maandishi. Kuna fomu yake, ila watu huwa hawaijazi. Akaitafuta kwenye droo, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Ilikuwa na mistari minne. Nikaomba karatasi nyeupe na kalamu, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamshusha mtoto, nikaandika. Shuleni nilikuwa mzuri wa barua rasmi, ndiyo mada pekee iliyonipa sifa. Hii hapa, kama nilivyoikabidhi.

YAH: LALAMIKO KUHUSU KUPANGIWA RIBA YA DARAJA LA TATU KWENYE MKOPO WA GARI

Meneja,

Mimi ni mwombaji wa mkopo wa gari. Napinga daraja nililopangiwa kwa sababu limetokana na chakula alichokula afisa wenu, si chakula tunachokula sisi.

Sato walioandikwa kwenye taarifa ni watatu. Wote waliliwa na afisa wenu, kwa tarehe ambazo yeye mwenyewe amezijaza. Sisi tulipata mikia. Soda ilikuwa moja kila safari na aliinywa yeye. Sahani na kitambaa cha meza ni vya jirani, ambaye yuko tayari kuja kuvitambua.

Maneno ya mama mkwe wangu kwamba samaki ni kila siku ni maneno ya kumkaribisha mgeni. Leo ameyarudia kwa simu mbele ya wafanyakazi wenu kwa sababu alihisi kuna mgeni anayesikiliza. Naomba yasihesabiwe kama taarifa ya matumizi. Kama kampuni inayahesabu, basi iwatangazie wateja wote kanda hii kwamba kukaribisha mgeni kunapandisha riba, ili kila mtu achague.

Matumizi yetu halisi ya chakula yako kwenye daftari langu la biashara, ambalo afisa alilipiga picha ziara ya pili na hakulitumia. Dagaa wameandikwa humo kwa siku. Akiba yangu mmeiona benki. Sijawahi kudaiwa na mtu yeyote nikashindwa kulipa.

Simlaumu afisa kwa kula. Alikaribishwa. Namlaumu kwa kuandika.

Naomba mambo mawili. Kwanza, daraja langu lipitiwe upya na nipewe riba ya asilimia moja na nusu, kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwa sababu gari ninalonunua halitanisubiri zaidi ya hapo. Pili, kama ni lazima nikaguliwe tena, mkaguzi aje saa tatu asubuhi, aje bila taarifa, na aje ameshakula.

Nimeandika haya mwenyewe, kwa mkono wangu. Nakala ya pili ninabaki nayo, na ninaomba igongwe muhuri wa kupokelewa nikiwa bado nimesimama hapa.