Mto Ambao Haukuwemo Kwenye Katuni

Ndugu yangu mdogo aliponitumia trela ya ile filamu kwa simu, nilikuwa nikimenya viazi jikoni kwangu Bahati, na kisu kikanitoka mkononi. Chini ya trela alikuwa ameandika: "Siz, hatimaye wameifanya muvi. Nakuja na watoto waone ile mwisho."

Filamu ilitokana na katuni tuliyoisoma utotoni kule Kuresoi. Ilihusu tarishi aliyetumwa mbali, akasikia mama yake yu mahututi, akaanza kukimbia kurudi nyumbani. Toleo moja kila mwezi, mbio tu. Ilichapishwa kwa wino wa rangi mbili, mweusi na kijani, nadhani kwa sababu mwenye mtambo hakuwa na mwingine. Waliotengeneza filamu waliuchukua ubahili huo wakaugeuza urembo: kila kitu cheusi na cheupe, kama kilichochorwa kwa kalamu, koti la tarishi peke yake likiwa la kijani. Inapendeza, siwezi kubisha. Nilichotaka kujua ni kimoja tu, kama mwisho wameuacha ulivyokuwa. Siku moja mwelekezi akasema redioni kwamba hawakubadilisha chochote. Nikazima redio.

Mwisho huo niliujua mimi. Alioujua ndugu yangu niliutunga.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye tisa. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Nakuru, na baba, aliyekuwa akimuuguza, akatuletea toleo la mwisho alipokuja kuangalia ng'ombe. Mimi ndiye mkubwa, nikasoma kwanza. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa hesabu alikuwa ametangaza kwamba asiyejalidi daftari lake ataonja kiboko. Wenzetu walikuwa na karatasi za kaki; sisi tulijalidi kwa chochote kilichopatikana. Nikachomoa kurasa za mwisho, nikazigeuza ili picha zikae ndani, nikabandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Ndugu yangu alipofika mwisho wa kitabu akakuta pini tupu, akaangua kilio. Nikasingizia panya. Kisha nikakaa naye nimsimulie.

Kwenye katuni, tarishi anakimbia usiku na mchana, hasimami popote, na anamkuta mama yake ameshakufa. Ningemwambiaje hayo mtoto ambaye mama yake yuko wodini? Nikamwambia alimkuta hai. Ningenyamaza hapo ingetosha, lakini mdomo wangu haujawahi kujua pa kukomea. Nikaongeza mto. Tarishi alifika mtoni kiu imemkaba, watu wakamwambia apumzike anywe maji, akakataa. "Angekunywa angemkosa," nikasema, nikajiona fundi kweli kweli.

Hazikupita wiki mbili tukaitwa Nakuru. Jirani alitupakia kwenye lori lake la viazi. Ndugu yangu alitapika tangu Molo, na tulipofika Njoro akaomba lori lisimame anywe maji. Likasimama, na dereva naye akaagiza chai. Tulipofika hospitalini, shangazi alitupokea mlangoni akasema mama amekata roho sasa hivi tu.

Hakuna aliyemlaumu. Lakini hadi leo akiendesha gari hasimami. Anatoka Olkaria, anakofanya kazi kwenye mabomba ya mvuke, hadi Kuresoi kwa mwendo mmoja, watoto wabanwe wasibanwe. Tulimtania, tukamwita rubani. Mwaka juzi, tukipalilia kaburi la mama, alisema bila kuniangalia, "Yule jamaa hakusimama kunywa maji." Nikaelewa yote kwa mara moja. Na nikanyamaza. Uongo ule ulikuwa wa mtoto, nimeusamehe. Kimya hiki ni cha mtu mzima, na najichukia kwacho.

Basi wiki zote za kuingoja filamu niliishi roho mkononi. Nilimpigia simu mara nne nikiwa nimejipanga vizuri, na mara zote nne nikaishia kuuliza habari za mvua. Niliomba filamu icheleweshwe. Niliomba hata gari lake liharibike. Siku yenyewe alifika saa nzima kabla ya wakati, watoto wake wawili wakakimbilia foleni ya bisi, tukabaki sisi wawili mlangoni pa ukumbi wa sinema, Nakuru mjini.

"Mbona leo huulizi habari za mvua?" akasema. "Uko na homa?"

"Mwisho ya hii muvi si ile nilikuambia."

Akacheka. "Wamebadilisha?"

"Mimi ndiye nilibadilisha. Anapata mamake ameshakufa."

Kicheko kikamkauka. "Kwa sababu alisimama kwa mto?"

"Hakukuwa na mto. Alikimbia tu, hakusimama mahali. Na bado alichelewa."

Aliangalia mkono wake ulioshika tiketi. "Sasa hiyo mto ulitoa wapi?"

"Kwa kichwa yangu."

"Unajua nimekaa na hiyo maji miaka ngapi?"

"Najua. Tangu ile siku ya kaburi, najua."

"Ulijua na ukanyamaza."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana mbele ya watu wote wale. Watoto walirudi na bisi zao, akawashika mabega, tukaingia, na akawakalisha katikati yetu.

Sikuitazama filamu, nilimtazama yeye. Picha za mwisho nilizifahamu kuliko mwelekezi, kwa maana niliketi nazo, zimefichwa ndani ya jalada la daftari, kila somo la hesabu muhula mzima. Tarishi alisimama mlangoni kwao, na kijani cha koti lake kikafifia taratibu hadi akabaki mweusi kama wengine. Ndugu yangu hakupepesa macho. Mwishowe alijifuta uso kwa mkono wa shati. Tulipotoka aliniambia "Haya" tu, akapakia watoto, akaondoka.

Nilirudi Bahati nikaketi na simu mapajani. Jua halijazama, ujumbe ukaingia, wa binti yake mkubwa.

"Aunty, dadi amesimama hapa Gilgil, bado hatujafika home. Amekaa tu kwa bonet ya gari anakunywa maji. Ako sawa kweli?"

Nikamjibu kwamba yuko sawa, wasimharakishe, wamngoje amalize chupa yote.