Mwalimu na Mtihani Wangu wa Hesabu

Nilikuwa na miaka arobaini na sita nilipoambiwa kwamba siwezi kusomea uuguzi hapa Uingereza bila cheti cha hesabu. Cheti changu cha Kenya walikitazama kwa heshima, wakanirudishia.

Wakati huo nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja wa Kigujarati nyumbani kwake Wembley. Alizaliwa Kisumu, akafundisha hesabu huko miaka mingi, na Kiswahili chake kilikishinda cha wanangu, ambao hunijibu kwa Kiingereza. Nilimwita Mwalimu. Aliposikia shida yangu alifurahi mno, nami nikiwa bado namvisha soksi.

"Asilimia tutafanya," alisema. "Lakini kwanza ujue hesabu imetoka wapi."

Imetoka India, yote. Kila asubuhi, nikimkorogea uji, nilimwuliza asilimia nikasikia habari za Wahindi walioandika kanuni ya pembetatu ili wajenge madhabahu, kabla ya yule Mgiriki anayesifiwa kwa kanuni hiyo. Za aliyeiwekea sifuri sheria kama namba nyingine yoyote. Za wale wa Kerala waliojumlisha mfululizo usio na mwisho, Ulaya ikiwa bado haijaijua hesabu hiyo. Aliwazungumzia kama shemeji zake waliodhulumiwa shamba.

Katika darasa la jioni, mwalimu wetu kijana alipomtaja yule Mgiriki, niliinua mkono nikaeleza habari za madhabahu.

"Inavutia sana," alisema. "Lakini haimo kwenye mtihani."

Alisema kweli. Mtihani ulitaka asilimia na eneo la zulia. Nikaanguka.

Nilipomweleza Mwalimu, aliniuliza ni swali gani lililonishinda. Nikamwambia: kupunguza bei ya koti kwa asilimia kumi na tano.

"Hiyo nilikuwa nafundisha darasa la saba," alisema. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza kila siku, Mwalimu."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniagiza nilete kalamu. Tangu siku hiyo tulipunguza bei za makoti, tukapima mazulia, na India ikapumzika.

Mara ya pili nilipita. Alimpigia simu binti yake aliyeko Tooting, akamwambia, "Tumepita."

Nilipoanza chuo, alipelekewa mhudumu mwingine. Nilipompigia kumjulia hali, aliniambia kijana huyo ana digrii ya uhandisi, na hesabu zote anazijua. Alilisema hilo kwa masikitiko makubwa.